Laptopu mpya ikigoma kuwaka kwa mtandao, anzia pale iliposimama

Niliitwa shule moja huko Tukuyu kusimika mfumo kwenye laptopu mpya 24 kwa mtandao (PXE), yaani kila moja iwake kwa faili linalotoka kwenye seva badala ya diski yake. Waliotangulia walikuwa wameshaandika barua ya kuzirudisha Dar es Salaam kwa madai kwamba ni mbovu. Hazikuwa mbovu hata moja. Kila laptopu ilikuwa inaeleza kwenye kioo mahali ilipokwama, ila maneno yale hukaa sekunde chache tu yakafutika, na hakuna aliyewahi kuyasoma.

Kwa hiyo kabla hujagusa seting yoyote, chukua simu urekodi video ya kioo tangu unabonyeza kitufe mpaka laptopu igome. Kisha isimamishe video, utafute namba inayoanza na PXE-E. Kuwaka kwa mtandao huenda kwa zamu: waya, anwani ya mtandao (IP), jina la faili la kuwashia, faili lenyewe, halafu mfumo. Namba inakuonyesha zamu iliyokatika. Zilizotangulia ni nzima, usizichokonoe.

Hatua ya 1: waya

PXE-E61 maana yake laptopu haioni waya. Badilisha kebo, badilisha tundu la swichi. Laptopu nyingi sasa hazina tundu la kebo, zinategemea adapta ya USB-C, na si kila adapta inatambuliwa na UEFI (programu inayoiamsha laptopu kabla ya mfumo) hata kama Windows ikishawaka inaikubali. Adapta ya kampuni ileile iliyotengeneza laptopu ndiyo salama. Jihadhari pia ukiwa na adapta moja unayoihamisha laptopu hadi laptopu: seva inayotambua mashine kwa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) inaweza kudhani ni ileile ya kwanza.

Hatua ya 2: anwani

Hapa ndipo Tukuyu tulipokwama: PXE-E16, yaani laptopu imeomba anwani, haikupata jibu linalofaa. Kwenye BIOS ya zamani (iliyotangulia UEFI) ungeona PXE-E51. Kwenye seva endesha amri hii, inayoonyesha maombi ya anwani yanayofika:

`tcpdump -ni eth0 port 67 or port 68`

(Badala ya eth0 weka jina la kadi yako.) Ombi likionekana na seva haijibu, shida iko kwenye seva. Lisipoonekana kabisa, limepotelea njiani.

Letu halikuonekana. Nikainama kwenye swichi, nikamwomba mwalimu awashe laptopu moja huku nikihesabu. Taa ya tundu ikawa ya machungwa, ikakaa hivyo hadi nilipofika 30, ndipo ikageuka kijani. Laptopu ilikuwa imeshakata tamaa. Ile ni itifaki ya spanning tree, inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi: swichi husikiliza sekunde 15, hujifunza sekunde 15, ndipo inapitisha data. Dawa yake ni kuwasha portfast (seting inayoruka kusubiri huko) kwenye matundu ya laptopu tu, usiiweke kwenye tundu linalounganisha swichi na swichi. Nywila ya ile swichi hakuna aliyeijua, basi nikachomeka swichi ndogo ya kawaida katikati. Tundu la swichi kubwa likabaki kijani muda wote, laptopu zikapata anwani.

Hatua ya 3: jina la faili

PXE-E53: anwani imepatikana, jina la faili hakuna. Mara nyingi ruta ya intaneti nayo inagawa anwani na imewahi kujibu kabla ya seva yako. Tenga mtandao wa kusimikia, ruta ikae nje.

Jina likiwepo, liwe la aina sahihi, maana faili la BIOS haliwaki kwenye UEFI. Kwa dnsmasq, programu ya seva inayogawa anwani na jina la faili, mimi naandika hivi:

`dhcp-match=set:uefi,option:client-arch,7`
`dhcp-boot=tag:uefi,ipxe.efi`
`dhcp-boot=tag:!uefi,undionly.kpxe`

Namba 7 ndiyo UEFI ya biti 64.

Hatua ya 4: faili lenyewe

PXE-E23 kwa kawaida ni faili halipo. Kagua herufi kubwa na ndogo, Linux inazitofautisha. PXE-E32 ni TFTP (huduma ya seva inayotuma faili) kutojibu: huduma imezimwa au faiawoli imeziba mlango wa UDP 69. Kumbuka mlango 69 hupokea ombi tu, data hupita mlango mwingine, kwa hiyo kufungua 69 peke yake huenda kusitoshe.

Faili likishuka kisha likakataliwa, tazama Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa faili lisilo na saini inayoaminika. ipxe.efi uliyoijenga mwenyewe haina saini inayokubalika, hivyo zima Secure Boot kwa muda.

Hatua ya 5: mfumo umeanza, mtandao umepotea

Kisimikaji cha Windows kimefunguka lakini hakiioni seva? Bonyeza Shift+F10, andika `ipconfig`. Isipoonyesha kadi yoyote, draiva haimo. Laptopu mpya mara nyingi huwa na kadi mpya kuliko boot.wim yako (faili linaloanzisha kisimikaji). Ingiza draiva humo kwa DISM (zana ya Windows ya kuhariri faili hizo), kisha uipakie upya kwenye seva.

Jaribu laptopu moja mpaka mwisho, ndipo uwashe nyingine tano tano. Na kabla ya kukabidhi, rudisha Secure Boot kwenye kila moja uliyoizima.