Namna ya Kuandaa Ukurasa wa Habari za Mji Mdogo Wakati wa Vuli: Mwongozo kutoka Winooski, Vermont

Kwetu sisi vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Huku Winooski, katika jimbo la Vermont kaskazini-mashariki mwa Marekani, miezi hiyohiyo ndiyo ambayo majani ya miti hugeuka mekundu na ya njano, yakapukutika, na baridi ikaingia. Mji ni mdogo: sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 7,997, na unaweza kuuvuka kwa miguu katika muda usiotimia saa moja. Viwanda vyake vya sufu, vilivyofungwa mwaka 1954, viliwahi kuleta familia zilizozungumza Kifaransa kutoka Quebec, na leo mitaa ileile ina familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi kutoka mashariki mwa Congo, ambazo husikia mambo ya mji yakiwa yameshapita.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuandaa ukurasa mmoja wa habari za mtaa kwa Kiswahili kila wiki mbili, kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi mwishoni mwa Novemba. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu mwenye subira ya kuuliza swali lilelile mara mbili, kwa sababu tangazo lenye kasoro humtia msomaji hasara ambayo asingeipata kama lisingetolewa kabisa.

Anza na kalenda

Kabla ya kutafuta habari yoyote, andika kwenye karatasi mambo ambayo tarehe zake zinajulikana. Katika bonde la Ziwa Champlain jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda alfajiri, kwa kawaida huanguka kati ya mwanzo na katikati ya Oktoba, na usiku mmoja unatosha kuua lengalenga, matembele na nyanya chungu zote zilizolimwa tangu Juni. Wenzetu wengi wana viwanja vya kulima, kwa hiyo utabiri wa jalidi ni habari ya ukurasa wa mbele. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe, lakini saa ya ukutani na ya jiko hazijirekebishi, na tangu siku hiyo jua hutua kabla ya saa kumi na moja jioni, jambo linalomhusu kila mzazi ambaye mtoto wake hurudi nyumbani kwa miguu. Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki huanza Jumamosi, siku 12 kabla ya sikukuu ya Shukrani, na kuendelea kwa siku 16. Anayeingia msituni kutembea au kuokota kuni katika siku hizo avae kitu cha rangi kali ya machungwa. Sikukuu yenyewe huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na siku hiyo ofisi na maduka mengi hufungwa.

Zifuate habari zilipo

Rafiki yako wa kwanza ni karani wa mji. Sheria ya Vermont kuhusu mikutano ya hadhara inalitaka baraza la mji kutangaza ajenda ya kikao cha kawaida angalau saa 48 kabla ya kikao, na muhtasari wake uwe tayari ndani ya siku tano baada ya kikao. Maana yake ni kwamba huhitaji kufahamiana na mkubwa yeyote ili ujue kitakachojadiliwa: nenda kwenye ubao wa matangazo au kwenye tovuti ya mji siku mbili kabla, usome ajenda, na uchague kipengele kimoja au viwili vinavyogusa maisha ya wasomaji wako. Vuli ni wakati muhimu kwa kazi hii, kwa sababu ndipo bajeti itakayopigiwa kura mwezi Machi huanza kujadiliwa, na atakayesubiri hadi Machi atakuta hesabu zimeshafungwa.

Baada ya hapo zunguka mwenyewe kwa miguu. Maktaba, posta, zahanati, duka la nyama ya halali, vyumba vya mashine za kufulia nguo, kanisani na msikitini: kila mahali pana karatasi zilizobandikwa, na karatasi hizo hubeba habari ambazo hazifiki popote pengine, kama vile siku ya chanjo ya mafua au siku ya kugawa makoti ya watoto. Zipige picha, kisha umpigie simu aliyeandika kila tangazo. Usinakili tangazo ambalo hukulithibitisha, hata kama limebandikwa na mtu unayemheshimu.

Andika tangazo ambalo mtu anaweza kulitumia

Makosa mengi hutokea hapa, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Mfano ni chakula cha jioni ambacho makanisa ya Vermont huuza wakati wa vuli ili kuchangisha fedha. Tangazo la Kiingereza huwa na mistari miwili, kwa kuwa wenyeji wanajua mengine yote. Wewe unapaswa kuyaandika hayo mengine yote:

«Jumamosi, 17 Oktoba, kanisa lililo mkabala na shule linauza chakula cha jioni: pai ya kuku, viazi vya kuponda, boga, na pai ya tufaha. Hakuna nyama ya nguruwe, lakini kuku hawakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Mtu mzima dola 15, mtoto wa chini ya miaka sita bure. Kuna awamu mbili, saa 11:00 jioni (kwenye simu yako 5:00) na saa 12:30 jioni (kwenye simu yako 6:30). Piga simu kabla ya Alhamisi ili uwekewe nafasi. Mlango usio na ngazi uko upande wa maegesho. Yeyote anakaribishwa, hata asiye muumini wa kanisa hilo.»

Angalia jinsi saa ilivyoandikwa. Wasomaji wako wengine huhesabu saa za Kiswahili na wengine wamezoea saa za Kizungu, na ukiandika «saa tano» bila zaidi, mmoja atafika karibu na usiku wa manane na mwingine atafika jioni. Andika zote mbili kila mara, bila kuchoka. Vilevile usiandike «Jumamosi ijayo», kwa sababu karatasi hukaa kwenye jokofu la mtu kwa wiki tatu. Andika tarehe.

Kanuni za mji zinahitaji ukamilifu uleule. Ukiandika kwamba majani yaliyopukutika yafagiliwe, msomaji atayatia kwenye pipa la takataka, ilhali Vermont imepiga marufuku majani kupelekwa dampo tangu 2016, na mabaki ya chakula tangu 2020. Eleza yanapopelekwa, na siku gani. Ukiandika kwamba wakati wa theluji magari hayaruhusiwi kulala barabarani, taja tarehe ya kuanza, saa za katazo na maegesho yanayoruhusiwa, kisha useme wazi kwamba gari litakalokutwa litavutwa na brekidauni kwa gharama ya mwenyewe. Familia inayoishi kwa mshahara wa wiki kwa wiki ikipoteza gari asubuhi moja, mtu anaweza kupoteza na kazi.

Habari za kura zisomwe na watu wawili

Sina jambo ninalolisisitiza kuliko hili. Novemba 2020 wapigakura wa Winooski walikubali kwamba mkazi asiye raia, mwenye kuishi nchini kihalali, apige kura katika mambo ya mji. Gavana alilipinga, na mwaka 2021 bunge la jimbo likaupindua uamuzi wake. Tangu hapo jirani yako mwenye kibali cha ukaazi anaweza kupiga kura ya mji, ambayo huwa Jumanne ya kwanza ya Machi. Lakini kura ya Novemba katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ile ya kumchagua rais, gavana au wabunge, ni ya raia peke yao, na asiye raia akiipiga anaweza kufukuzwa nchini.

Katika mwaka wetu wa kwanza niliandika kwa furaha kwamba «wakazi wote sasa wanapiga kura», na ukurasa ukatoka Oktoba. Mama mmoja, ambaye alikuwa akisubiri kadi yake ya ukaazi, alinisimamisha njiani akauliza aende kituo gani. Nilielewa pale pale nilichokifanya. Nilizunguka jioni mbili, mlango kwa mlango, nikizikusanya nakala na kueleza kwa mdomo. Tangu siku hiyo kila sentensi inayohusu kura husomwa na mtu wa pili, kisha hupelekwa kwa karani wa mji, na hubeba maneno haya bila kubadilishwa: «Kura hii ni ya raia tu» au «Kura hii ni ya mji, asiye raia mwenye hadhi halali anaweza kujiandikisha».

Raia nao wanahitaji habari yao. Vermont hutuma karatasi za kura kwa posta kwa wapigakura walioandikishwa kabla ya uchaguzi mkuu, na raia ambaye hajajiandikisha anaweza kufanya hivyo siku ileile ya kupiga kura. Bahasha hiyo inafanana na barua za matangazo, na nimewahi kuiona ikiwa imetupwa pamoja nazo. Chapisha picha yake.

Usisahau wazee, na uheshimu misiba

Jioni ya 31 Oktoba watoto waliovaa vinyago hugonga milango wakiomba peremende. Kwa bibi aliyekimbia Uvira usiku, mlango kugongwa gizani na mtu aliyeficha uso si mchezo. Mweleze mapema, kwa maneno ya utu, kwamba taa ya mlangoni ikizimwa watoto kwa desturi hupita, na kwamba hana wajibu wa kumfungulia mtu yeyote.

Taarifa ya msiba itolewe kwa ruhusa ya wafiwa pekee, ikitaja mahali pa matanga, na mchango upelekwe kwa nani. Mambo ya uhamiaji ya mtu, ugonjwa wake na kesi yake hayaandikwi kamwe. Uvumi wa aina yoyote usubiri hadi umpate aliyeona kwa macho yake mwenyewe.

Ukurasa ufike

Chapisha kwa herufi kubwa, upande mmoja tu wa karatasi, ili uweze kubandikwa. Kisha usome wote kwa sauti na kuutuma kwa WhatsApp, kwa kuwa wazee wetu wengi hawasomi lakini husikiliza mara mbili na kumpigia mwenzao. Soma polepole, useme «mtama» na «boga» kama wanavyosema wao, na mwishoni rudia tarehe na saa pekee. Sauti isizidi dakika nne. Itume Alhamisi jioni, wakati wanaofanya kazi za usiku bado wako nyumbani, na nakala moja ya karatasi uiache maktabani ili mkutubi aihifadhi pamoja na za mwaka uliopita.