Kuandika historia ya parokia ya kijijini Ayalandi: anzia kwenye vitongoji

Anayeanza kazi hii huenda kwanza kutafuta jina la parokia, na hapo ndipo anapopotea. Jina moja linaweza kubeba mipaka miwili. Kuna parokia ya kiraia, iliyorithi mipaka ya enzi za kati, ambayo serikali iliifuata katika kodi na ramani. Kuna pia parokia ya Kikatoliki, ambayo mara nyingi imeunganisha mbili au tatu za zamani. Rejesta za ubatizo hufuata ya Kikatoliki, kumbukumbu za ardhi hufuata ya kiraia. Kinachozifunga pamoja ni kitongoji, baile fearainn kwa Kiayalandi: kipande cha ardhi chenye jina na mpaka wake. Nchi nzima ina zaidi ya 60,000.

Kwa hiyo tengeneza jedwali, kila kitongoji mstari wake. Majina yapo kwenye tovuti ya logainm.ie, kwa Kiingereza na Kiayalandi. Nakili maumbo yote ya zamani ya tahajia, maana karani wa 1830 aliandika alivyosikia. Usikisie maana kwa kutazama tahajia ya Kiingereza: Kil- huweza kutoka kwenye cill, kanisa, au coill, msitu. Wengi wamelitafuta kanisa mahali palipokuwa na miti tu.

Kisha jaza jedwali kwa mpangilio wa miaka. Sensa nyingi za karne ya 19 hazipo: zile za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote Juni 30, 1922, jengo la nyaraka lilipoungua pale Four Courts, majengo ya mahakama jijini Dublin, na za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Pengo hilo huzibwa na vitabu vya zaka (1823–1837), orodha za walioshika mashamba yaliyotozwa zaka ya kanisa, na uthamini wa Griffith (1847–1864), orodha ya thamani ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi. Vyote viwili vinataja wenye kushika ardhi au nyumba, si familia nzima, na vitabu vya zaka vinawaacha kabisa vibarua wasio na shamba. Angalia pia kipimo. Vitabu vya zaka mara nyingi hutumia eka ya Kiayalandi, ambayo ni kama eka 1.62 za kawaida. Shamba la eka 10 likionekana kuwa la eka 16 kwa Griffith, huenda hakuna aliyeongeza hata shubiri moja.

Sensa za 1901 na 1911 zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Usiishie kwenye fomu ya majina; fungua fomu B1, inayoieleza nyumba. Ukuta wa mawe au tofali ulipewa alama 1, wa udongo 0. Paa la vigae 1, la nyasi 0. Kisha vyumba, na madirisha ya mbele. Ukizipanga nyumba zote za kitongoji kwa alama hizo, utaona nani aliishi vipi, jambo ambalo orodha ya majina haikwambii. Umri nao usiuamini haraka. Pensheni ya wazee wa miaka 70 ilianza kulipwa Januari 1909, na kuna watu waliozeeka miaka 13 au zaidi kati ya sensa hizo mbili.

Rejesta za Kikatoliki, nyingi hadi 1880, zimewekwa mtandaoni na Maktaba ya Taifa. Majina huandikwa kwa Kilatini pia: Jacobus ni James. Nakili wasimamizi wa ubatizo kila mara, kwani ndio wanaotofautisha familia mbili zenye jina moja. Tafuta jina la ukoo likiwa na kiambishi O' mbele, na pia bila O'. Kwa simulizi za visima vitakatifu, ngome za duara na miaka ya Njaa Kuu (ya katikati ya karne ya 19), nenda kwenye tovuti ya duchas.ie: watoto wa shule waliziandika kutoka kwa wazee wao mwaka 1937 hadi 1939.

Makaburi yaache mwisho, ukiwa tayari unazijua koo. Omba ruhusa, chora ramani, lipe kila jiwe namba kabla ya kupiga picha. Maandishi yaliyofifia husomeka mwanga ukipita sambamba na uso wa jiwe: asubuhi, jioni, au kwa kioo kinachogeuza jua upande. Usitumie brashi ya waya, dawa ya kung'arisha, chaki wala povu la kunyolea. Huondoa ngozi ya jiwe au kuacha kemikali ndani yake. Usiing'oe mitambazi ukutani mwa kanisa lililobomoka, kwani mara nyingi ndiyo inayoushikilia. Vijiwe vidogo visivyo na maandishi navyo ni makaburi, ya maskini au ya watoto. Viache vilipo na uviandike. Kutafuta vitu vya kale kwa kifaa cha kugundua metali bila kibali ni kosa la jinai, na kabla ya kuchimba au kusafisha chochote uliza kwanza National Monuments Service, idara ya serikali inayosimamia mambo ya kale.