SOMO: Kuchonga mzee wa mbao kwa mabapa (nyuso bapa zinazoachwa na kisu), kwa mtindo wa Döderhultarn (msasa hauruhusiwi)

Salamu wanakikundi. Tangu nilipoweka picha ya yule mzee wangu wa mbao mwenye kofia, maswali hayaishi, kwa hiyo naandika yote mara moja. Mtanivumilia nianze na mwenye mtindo wake, maana ukimjua yeye, nusu ya somo imekwisha.

Axel Petersson alizaliwa 1868 Döderhult, vijijini karibu na mji wa bandari wa Oskarshamn, mkoa wa Småland, Uswidi. Jina lake la Döderhultarn maana yake ni mtu wa Döderhult tu, kama mtu anavyoitwa Mpemba hadi jina la kuzaliwa likasahaulika. Småland ni ardhi ya mawe. Ukipita leo bado unaona kuta ndefu za mawe pembeni mwa mashamba, mawe ambayo wakulima waliyang'oa kwa mikono ili wapate pa kupanda. Enzi zake Waswidi zaidi ya milioni moja walihamia Amerika, na Småland ilikuwa kati ya sehemu zilizotoa watu wengi zaidi. Yeye alibaki, akawachonga waliobaki.

Hakuchonga wafalme wala malaika. Alichonga mkulima aliyepinda mgongo, bibi aliyevaa kitambaa, farasi aliyechoka. Halafu akawapanga kwa makundi: harusi, ubatizo, mazishi, na lile kundi maarufu la vijana wanaopimwa afya ili waingizwe jeshini, wamesimama uchi, hawajui mikono waipeleke wapi. Vinyago vyake aliviuza sokoni Oskarshamn. Mwaka 1909, akiwa na miaka 40, kazi zake zilionyeshwa Stockholm katika maonyesho ya sanaa ya vichekesho, na kuanzia hapo jina likavuka mipaka. Alifariki 1925. Makumbusho yake yako Oskarshamn, na mimi ninayeishi Kalmar, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, nimekwenda mara nyingi kuliko nilivyokwenda kumtembelea shemeji yangu.

Ukisogea karibu na wale waombolezaji wake utashangaa: nyuso hazina kitu. Mikato minne, mitano, basi. Lakini unamjua nani amefiwa na nani amekuja kwa ajili ya chakula.

Vifaa

Kisu kimoja kizuri. Mimi natumia cha Mora, kile cha mpini wa mbao, bei yake haiumizi. Makali yenye urefu wa sentimita 8 yanatosha. Kinoo, na mkanda wa ngozi uliogundishwa kwenye kipande cha mbao kwa kumalizia makali. Msumeno mdogo. Glavu nene kwa mkono unaoshika mbao, na plasta ya kitambaa ya kuzungushia kidole gumba cha mkono wa kisu. Kidole changu cha kushoto kina kovu la mwaka wa kwanza kwa sababu nilijiona fundi kuliko glavu. Patasi ndogo ya V si lazima.

Mbao: yeye alipenda mti ambao Waswidi huuita *al*, unaoota kando ya maji. Ukiukata leo mti huu, mbao yake nyeupe inabadilika kuwa nyekundu mbele ya macho yako kama inatoka damu. Ni laini, nyuzi zake ziko sawa, haikatalii kisu. Wa kwetu wasiwe na wasiwasi, nimejibu huko chini.

Hatua ya 1: Mtazame mtu

Usianze na mbao. Kaa kituo cha basi umwangalie mtu mmoja anavyosimama. Uzito wake uko mguu gani? Bega lipi limeshuka? Kichwa kimetangulia mbele ya kifua kiasi gani? Chora mara mbili, mbele na ubavuni, kwa mistari iliyonyooka tu. Mchoro wa ubavuni ndio muhimu. Mzee akisimama wima kama nguzo, hata umchonge uso mzuri namna gani atabaki nguzo.

Hatua ya 2: Kata umbo

Kipande cha sentimita 5 kwa 5, urefu 15. Nyuzi ziende kutoka kichwani hadi miguuni, vinginevyo miguu itavunjika. Hamishia mchoro kwenye pande mbili, kisha ondoa mbao ya ziada kwa msumeno: nyuma ya shingo, chini ya kidevu, mbele ya magoti. Mikono mtieni mifukoni. Msione aibu. Viganja ni wiki nzima ya mateso, na mzee mwenye mikono mfukoni anaaminika zaidi.

Hatua ya 3: Vunja pembe

Ondoa pembe nne za kipande hadi kiwe na pande nane. Kuna mikato miwili mtakayoitumia muda wote. Wa kwanza ni wa kuvuta: kidole gumba kimeegemea mbao, kisu kinakuja kwako kama unamenya kiazi. Wa pili ni wa kusukuma: mkono wa kisu umetulia, kidole gumba cha mkono mwingine ndicho kinachosukuma mgongo wa kisu. Mwendo mfupi, nguvu nyingi, na kisu hakiwezi kuruka mbali. Nyuzi zikianza kupasuka mbele ya kisu, acha, geuza mbao, njoo kutoka upande wa pili.

Hatua ya 4: Mabapa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole.

Bapa ni uso mmoja uliobaki baada ya mkato mmoja. Mguu wa suruali uwe na mabapa manne au matano kuanzia kiunoni hadi kiatu. Mgongo wa koti, matatu. Kila bapa likutane na jirani yake kwenye ukingo mkali, na ukingo huo ndio utakaoshika mwanga. Mkato mmoja mrefu kutoka begani hadi pindo la koti unasema "kitambaa kizito". Mikato kumi na tano midogo mahali hapohapo inasema "nilikuwa naogopa".

Kwa hiyo kabla ya kila mkato amua uanzie wapi na uishie wapi. Noa kisu. Kata. Usirudi kulainisha. Mkono utawasha kutaka kurudi, na mimi namjua adui huyo: mzee wangu wa kwanza nilimpiga msasa, nikaanza na namba 80, nikamalizia na 240, akawa laini kama sabuni iliyotumika. Hakuwa na umri tena. Nimemweka dirishani anikumbushe.

Kisu butu hakiwezi kazi hii. Kikiwa butu bapa linabaki na mikwaruzo, halafu unatamani msasa. Kila baada ya dakika kumi na tano pitisha kisu kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta kuelekea mgongo wa kisu, mara kumi kila upande.

Hatua ya 5: Uso

Geuza kichwa ili ukingo mmoja kati ya zile pande nane uwe mbele. Ukingo huo tayari ni pua. Chini ya ukingo wa kofia kata kwenda ndani, kisha panda na kisu kutoka chini hadi ukutane na mkato huo: umepata paji na mzizi wa pua kwa pigo moja. Kwanza ondoa bapa moja kulia na moja kushoto, kutoka puani kwenda shavuni. Ndipo ukate chini ya pua kama ulivyokata chini ya kofia.

Macho? Usichonge macho. Ukingo wa kofia ukitokeza vya kutosha, kivuli kitaangukia pale macho yanapopaswa kuwa, na anayetazama atayaweka mwenyewe. Mdomo ni mkato mmoja, ukishuka kidogo upande mmoja. Ukiupandisha pande zote mbili utapata katuni ya tangazo la dawa ya meno.

Hatua ya 6: Rangi

Rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa mafuta ya kitani, nyembamba hadi mbao ionekane chini yake. Buluu iliyochakaa, kahawia, kijivu. Paka, subiri kidogo, futa kwa kitambaa ili rangi itoke kwenye kingo.

Tahadhari kubwa: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa kwenye pipa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke au kiloweke kwenye maji.

MASWALI

Mutua wa Wamunyu, Kenya: Fundi, huku kwetu twiga asipong'aa mteja anamrudisha. Tunapiga msasa, tunapaka rangi ya viatu, tunasugua. Ukimwonyesha mnunuzi alama za kisu atasema kazi haijaisha.

*Jibu:* Ndugu yangu Mutua, Wamunyu ni chuo, siwezi kuwafundisha kazi. Tangu Mutisya Munge arudi na ufundi huo kutoka Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mmelisha dunia nzima vinyago. Kung'aa kwenu kuna sababu yake, mbao zenu zina rangi nzuri na msasa unaitoa. Mtindo huu ni lugha nyingine. Jaribu hivi: chonga wazee wawili, mmoja mng'arishe, mwingine muache na mabapa na rangi hafifu, uwaweke meza moja. Asipouzika huyo wa pili, mpe mtoto achezee. Ila ukingo lazima uwe safi kama wembe. Alama za kisu butu ni kazi ambayo kweli haijaisha, hapo mteja wako ana haki.

Bint Shariff, Tanga: Mti huo wa al hatuna. Nina vipande vya mpingo nilivyopewa na mjomba, vitafaa?

*Jibu:* Dada, mpingo uhifadhi, usiutese kwa kisu. Ule ni wa tezo, patasi na tupa, na subira ya Wamakonde. Tafuta jakaranda, ni nyepesi na inakubali kisu. Mwembe na mwarobaini pia vinachongeka, lakini vikaushe kivulini polepole, na paka nta au rangi kwenye ncha mbili za gogo, la sivyo vitapasuka. Vikiwa vibichi kidogo ni laini zaidi. Ukikatisha kazi, kifunge kisanamu kwenye mfuko wa plastiki hadi kesho.

Baba Ritha, Minneapolis: Nimeokota mzee wa mbao kwenye duka la mitumba, dola 6. Chini pameandikwa C. J. Trygg. Ndiye huyo huyo?

*Jibu:* Siye, ni familia nyingine, lakini umebahatika. Carl Johan Trygg alikuwa Mswidi pia, 1887 hadi 1954, na wanawe walifuata kazi hiyo hiyo. Wao walichonga kwa ajili ya kuuza kwa watalii, ndiyo maana wazee wao walisafiri sana. Usimwoshe kwa sabuni! Brashi laini kavu tu. Halafu wewe uko karibu na Decorah, Iowa, alikokuwa akifundisha Harley Refsal, Mmarekani mwenye asili ya Norwei aliyefanya kazi kubwa kuufufua mtindo huu pande hizo. Mtie mfukoni huyo mzee umpeleke kwenye kundi lolote la wachongaji wa huko, watakukaribisha kahawa.

Bi Mwanakombo: Mjukuu wangu ana miaka tisa, ananing'ang'ania kisu. Nimruhusu?

*Jibu:* Shikamoo Bibi. Huku Uswidi kazi za mikono zinazoitwa *slöjd* ni somo la lazima shuleni, na katika karne ya 19 Otto Salomon aliwafundisha walimu kutoka nchi nyingi kazi hizo pale Nääs. Kwa hiyo umri si tatizo, ila wewe au mtu mzima akae naye muda wote. Asianze na mzee wa mbao. Mpe kijiti kibichi achonge kisu cha kupakia siagi, amekaa chini, viwiko juu ya magoti, kisu kikienda mbele mbali na mwili. Na kiwe kikali, Bibi, kwa sababu kisu butu ndicho kinachohitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Kidonda kidogo atakipata tu.

Juma K.: Mzee wangu pua imevunjika hatua ya 5. Nimlilie au nimchome moto?

*Jibu:* Pua imevunjika kwa sababu ulikata chini yake kwanza kabla ya kupunguza pembeni, nyuzi zikabaki fupi. Gundi ipo, lakini mstari utaonekana chini ya rangi. Afadhali rudisha uso mzima nyuma milimita 3 na uanze pua upya kwenye ukingo uleule. Kofia itatokeza zaidi, kichwa kitaonekana kimezama mabegani. Mwambie mkeo ni mzee anayesikia baridi. Wangu yule wa kwenye picha, mlioniulizia wote, hivyo ndivyo alivyopata kofia ile.