Chimba shimo usome udongo wa shamba lako

Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina mita moja, mbali na njia na jaa. Ukuta mmoja uelekee jua. Huo ndio utakaousoma. Uparuze kwa kisu, maana alama za jembe huficha mipaka ya matabaka.

Weusi wa juu ni mboji. Wekundu wa chini ni chuma kilichopata hewa. Kijivu chenye madoa ya kutu ni dalili ya maji kutuama, kama kwenye mabonde ya mpunga ya Pemba. Huko vilimani chimba mawili, juu na chini ya mteremko: mvua huteremsha udongo laini, na shimo moja litakudanganya.

Maweni, mashariki ya Unguja, sururu itagonga jiwe la matumbawe mapema. Maji ya mvua hupata asidi hafifu hewani na mizizini, yakayeyusha chokaa. Masalio yake ni udongo mwekundu, haba, uliojaa mashimoni mwa mawe. Kuuchoma moto ni hasara, maana huunguza mboji, nayo ndiyo akiba yake. Tonesha siki: ukitoa povu, chokaa bado imo. Ila ondoa kwanza vipande vya kombe na majivu, navyo hutoa povu.