Kupima amplifaya kwa jenereta na oskiloskopu za zamani

Sikio huzoea sauti mbovu. Ndiyo maana kwangu amplifaya haimrudii mwenyewe kabla sijaipitisha kwenye jenereta ya mawimbi HP 200CD, inayoipa amplifaya wimbi la kupimia, na oskiloskopu Tektronix 465, inayoonyesha wimbi hilo kwenye kioo.

Hatua ya 1: Chombo kilicholala stoo miaka mingi usikichomeke ukutani moja kwa moja. Kifunge sirisi, yaani kwa mfuatano, na balbu ya nyuzi ya wati 100. Balbu ikiwaka kwa ukali wote bila kufifia, kuna shoti ndani. Chomoa, subiri kapasita zimalize chaji, ndipo ufungue.

Hatua ya 2: Iache jenereta ipate moto nusu saa, kisha weka hezi 1000. Ukizungusha masafa, wimbi litayumba kidogo kabla ya kutulia. Huo si ubovu. Ndani mna taa ndogo ya nyuzi: wimbi likikua, nyuzi hupata moto, ukinzani wake unapanda, na wimbi linarudi kimo chake. William Hewlett, mmoja wa waanzilishi wa HP, ndiye aliyeitumia mbinu hiyo kwenye jenereta ya 200A, na Disney wakanunua jenereta nane za 200B kwa kazi ya sauti ya filamu ya Fantasia. Kila nikiona wimbi linatulia, namshukuru mzee yule.

Hatua ya 3: Toa spika. Badala yake funga rezista nne za omu 8, wati 25 kila moja: mbili mbili kwa sirisi, kisha jozi hizo sambamba. Unapata omu 8 zinazobeba wati 100. Zitachemka, zifunge kwenye bati nene.

Hatua ya 4: Hapa tulia. Klipu ya prob, waya wa kupimia wa oskiloskopu, imeungana na athi ya umeme wa ukutani. Amplifaya nyingi za gari zinasukuma nyaya zote mbili za spika, hakuna iliyo ya ardhi. Niliwahi kubana klipu kwenye waya hasi, aisi (chipu ya amplifaya) ikalipuka, nikamlipa mteja. Kwa amplifaya hizo tumia prob mbili, klipu zote kwenye shasi, na usome tofauti.

Hatua ya 5: Anza na sauti sifuri, panda polepole huku ukitazama vichwa vya wimbi. Vikianza kuwa bapa, rudi nyuma kidogo, soma volti kutoka kilele cha juu hadi cha chini. Zizidishe zenyewe kwa zenyewe, ugawe kwa 64. Volti 40 ni wati 25, hata kama boksi limeandikwa 500.

Upande mmoja wa wimbi, wa juu au wa chini, ukikatika kabla ya mwingine, pima volti za pawasaplai, chanya na hasi, kabla hujagusa transista yoyote.