Kuzima FTP na kuhamia SFTP: kwa wanaotunza tovuti za nyumba za wageni Lamu

Nyumba kadhaa za wageni, Shela hata Mkomani, bado hupakia picha za vyumba kwa FTP, itifaki ya kuhamisha faili iliyozaliwa 1971. Nenosiri lake hupita wazi. Aliye kwenye waifai ileile ya wageni aweza kulisoma. Chrome na Firefox ziliiacha 2021. SFTP huhamisha faili ndani ya SSH, njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva, hivyo nenosiri halionekani. Somo hili ni la seva ya Ubuntu yenye vsftpd, programu ya seva ya FTP.

1. Jua nani bado anaitumia. Soma /var/log/vsftpd.log ya mwezi mzima, maana faili za mhasibu huja mwisho wa mwezi.

2. Unda kikundi wapakiaji, tia watumiaji ndani, kisha mwishoni mwa /etc/ssh/sshd_config andika:

Match Group wapakiaji
ChrootDirectory /srv/picha
ForceCommand internal-sftp

Mistari hiyo humfungia mpakiaji ndani ya /srv/picha, kwa SFTP tu. Hapa ndipo wengi hukwama. Folda /srv/picha, pamoja na zote zilizo juu yake, lazima ziwe mali ya root (msimamizi mkuu wa seva), na asiwepo mwingine wa kuandika humo. Ukikosea, nenosiri litakubaliwa halafu muunganisho ukatike papo hapo, nawe utadhani ni mtandao. Picha ziwekwe folda ya ndani, mfano /srv/picha/vyumba, iliyo mali ya mpakiaji.

3. Kagua kwa sudo sshd -t, ndipo uwashe upya ssh. Dirisha la kwanza la SSH usilifunge mpaka uingie kwa la pili.

4. Kwenye FileZilla, programu ya kupakia faili, chagua SFTP, poti 22.

5. Zima: sudo systemctl disable --now vsftpd. Funga poti 21. Manenosiri yote yabadilishwe. Ya zamani yahesabu yameshaibwa.

Maswali

Fundi, skana yetu ya ofisi yajua FTP tu.
Ielekeze kwenye kompyuta ya humo humo ofisini, nayo ndiyo itume nje kwa SFTP. Kwenye ruta usiifungulie skana njia.

Kampuni inayotuhifadhia tovuti inatoa FTPS pekee. Ni kitu kimoja?
La. Hiyo ni FTP ileile ndani ya TLS (usimbaji wa mawasiliano), na yahitaji poti za ziada za data. Inafaa, ila FileZilla uiambie TLS ni lazima. Ukiacha chaguo la "ikiwepo", seva isiyo na TLS yaweza kupokea nenosiri wazi.

Mtandao ukikatika katikati ya picha?
Chagua kuendeleza, si kuandika upya. SFTP huanzia ilipokomea.