Somo: Kutazama simulesheni ya pande tatu kwenye kivinjari, kwa kompyuta yako au kutoka seva ya mbali

Salaam wakuu. Nimeulizwa hili mara nyingi na wanaofanya miradi ya roboti: hesabu zinaendeshwa kwenye seva yenye nguvu, laptopu ni ya kawaida, bando ni dogo. Utaionaje simulesheni?

Mwanzoni nilikuwa navuta skrini nzima ya seva. Bando liliyeyuka, na boksi la kwenye simulesheni lilikuwa linaanguka kwa kukatakata hadi sijui kama kosa ni la fizikia au la mtandao. Dawa niliyoipata ni kuacha kusafirisha picha. Safirisha mkao wa vitu tu (mahali vilipo na jinsi vilivyogeuka), kivinjari chako kichore chenyewe. MeshCat, programu ya kuonyesha vitu vya pande tatu kwenye kivinjari, inafanya hivyo: umbo linatumwa mara moja, kisha kila badiliko la mkao ni matriki (jedwali) ya namba 16. Data yenyewe haifiki baiti 300. Kwa fremu 30 kwa sekunde ni chini ya kilobaiti 9 kwa kila kitu kinachotembea.

Fizikia tutaiachia PyBullet, maktaba ya Python inayopiga hesabu za mwendo na migongano ya vitu.

Hatua ya 1. Kwenye kompyuta itakayopiga hesabu:

`pip install pybullet meshcat`

Hatua ya 2. Fungua terminali, andika `meshcat-server`, usiifunge. Itakuonyesha anwani mbili: poti 6000 ya kuongea na Python, na poti 7000 ya kivinjari.

Hatua ya 3. Terminali ya pili, endesha faili hili:

```
import time, meshcat
import pybullet as p, pybullet_data
import meshcat.geometry as g
import meshcat.transformations as tf

vis = meshcat.Visualizer(zmq_url="tcp://127.0.0.1:6000")
vis["boksi"].set_object(g.Box([0.4, 0.4, 0.4]))

p.connect(p.DIRECT)
p.setAdditionalSearchPath(pybullet_data.getDataPath())
p.setGravity(0, 0, -9.81)
p.loadURDF("plane.urdf")
umbo = p.createCollisionShape(p.GEOM_BOX, halfExtents=[0.2, 0.2, 0.2])
boksi = p.createMultiBody(1, umbo, basePosition=[0, 0, 2],
    baseOrientation=p.getQuaternionFromEuler([0.5, 0.3, 0]))

for hatua in range(1200):
    p.stepSimulation()
    if hatua % 8 == 0:
        pos, q = p.getBasePositionAndOrientation(boksi)
        T = tf.quaternion_matrix([q[3], q[0], q[1], q[2]])
        T[:3, 3] = pos
        vis["boksi"].set_transform(T)
    time.sleep(1/240)
```

Tumeweka `p.DIRECT`, yaani hesabu bila dirisha la picha, kwa makusudi. Ukiweka `p.GUI`, inayofungua dirisha, kwenye seva isiyo na skrini, programu itakufa hapo hapo.

Sasa mstari wa `q[3], q[0], q[1], q[2]`, tafadhali usiuruke. PyBullet inatoa kwaternioni (namba nne zinazoeleza jinsi kitu kilivyogeuka) kwa mpangilio x, y, z, w. MeshCat inataka w itangulie. Ukisahau hutaona ujumbe wowote wa kosa. Boksi litageuka ovyo tu, nawe utamaliza siku nzima ukilaumu msuguano. Ukijaribu kwa mpira wa rangi moja ndiyo hutagundua kabisa, maana mpira ukizunguka unaonekana vilevile.

PyBullet inapiga hatua 240 kwa sekunde. Tunatuma kila ya nane, ndiyo zile fremu 30.

Hatua ya 4. Kama yote yako kwenye laptopu yako, fungua `http://127.0.0.1:7000/static/`. Kama hesabu ziko kwenye seva, toboa handaki la SSH kwanza (njia salama ya kupitisha poti ya seva hadi kwako), kutoka kwenye laptopu:

`ssh -N -L 7000:127.0.0.1:7000 mtumiaji@anwani-ya-seva`

Kisha fungua anwani ileile. Terminali hiyo itakaa kimya, ndivyo inavyotakiwa. Msifungue poti 7000 kwa dunia nzima eti kwa urahisi, haina nywila.

MASWALI

Swali: Mkuu, natumia Mac, inasema poti 7000 inatumika tayari.

Jibu: Ni kipokezi cha AirPlay, nacho hukaa 7000. Badilisha upande wako tu: `-L 7070:127.0.0.1:7000`, kisha kivinjari kifungue `http://127.0.0.1:7070/static/`.

Swali: Nimelikuza boksi, `g.Box([1, 1, 1])`. Sasa linazama chini ya gridi. Uzito umezidi?

Jibu: Hapana ndugu, uzito hauhusiki. Umelikuza kwenye mchoro tu. PyBullet bado inajua boksi la sentimita 40, kwa hiyo kitovu chake kinatulia sentimita 20 juu ya sakafu. Weka pia `halfExtents=[0.5, 0.5, 0.5]`. PyBullet inahesabu nusu ya upande, MeshCat upande mzima.

Swali: Msimamizi wangu wa mradi hana mambo ya SSH. Namwonyeshaje?

Jibu: Mtumie faili. Mwishoni mwa programu ongeza:

`open("tukio.html", "w", encoding="utf-8").write(vis.static_html())`

Hilo litabeba tukio lilivyo wakati huo, na ataweza kulizungusha kwenye kivinjari chake. Akitaka kuona boksi likianguka, rekodi fremu kwanza kwa `Animation` ya `meshcat.animation`, zipeleke kwa `vis.set_animation`, ndipo uhifadhi.